Tembo Wanaoruka na Hesabu ya Foleni

Paukwa! Mmeitikia pakawa? Vizuri sana. Sogeeni karibu, watoto wangu. Leo nitawasimulia habari za tembo wanaoruka.

“Mjomba, tembo hawaruki!”

Nilijua utasema hivyo, mpwa wangu, na nimefurahi umesema. Mtoto asiyemeza neno kabla ya kulitafuna, huyo ndiye mtoto ninayempenda. Tembo wa Ruaha haruki. Tembo wa Tsavo haruki. Lakini hawa wangu wako mbali, katika jimbo la Florida, nchini Marekani. Huko kuna bustani kubwa ya burudani iitwayo Magic Kingdom. Ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971. Tembo wa bustani hiyo wameundwa na mafundi, na kila mmoja ameshikwa na mkono mrefu wa chuma. Unapanda, unakaa, unafungwa mkanda. Tembo anapaa. Anazunguka, anazunguka, kisha anatua. Mchezo wenyewe unaitwa Dumbo, jina la yule mtoto wa tembo kwenye filamu ya mwaka 1941 aliyeruka kwa kupunga masikio yake.

Watoto wanampenda Dumbo. Wanampenda mno. Siku ya watu wengi, mtoto anaweza kusimama kwenye foleni muda mrefu, jua linamchoma, miguu inamuuma, ili aruke dakika mbili hazitimii.

“Mjomba, kwa nini foleni inakuwa ndefu hivyo?”

Hongera kwa swali hilo! Watu wazima wengi husimama kwenye foleni wamenuna, wala hawaulizi. Wewe umeuliza. Basi twende bombani, tukapate jibu.

Fikirini bomba la mtaani. Bomba ni moja, na maji yanatoka polepole. Ndoo moja inajaa kwa dakika mbili. Ukiimba, ni dakika mbili. Ukinuna, ni dakika mbili. Bomba halijui kuharakishwa.

Sasa wanakuja watu 10, kila mtu na ndoo yake. Wakija mmoja mmoja, kila baada ya dakika mbili, nani atasubiri? Hakuna. Wa kwanza anajitwisha, wa pili anafika. Wa pili anajitwisha, wa tatu anafika. Wote wanachota, na foleni haionekani kabisa.

Siku ya pili watu wale wale 10 wanafika kwa mkupuo. Ndoo ni zile zile. Bomba ni lile lile. Wa kwanza hasubiri kitu. Wa pili anasubiri dakika 2. Wa tatu dakika 4. Na wa kumi je? Hesabu kwa vidole, nakusubiri. Umepata? Dakika 18, ndipo zamu yake ifike.

Je, bomba limeharibika? Hapana. Ndoo zimeongezeka? Hapana. Kilichobadilika ni saa ya watu kufika. Hiyo ndiyo siri yenyewe, na nitairudia mpaka muizoee: foleni haina hasira, foleni ina hesabu.

“Mjomba, hesabu hiyo aliianzisha nani?”

Umeuliza vyema. Katika mji wa Copenhagen, nchini Denmark, kulikuwa na bwana mmoja aliyeitwa Agner Krarup Erlang. Alifanya kazi katika kampuni ya simu. Zamani hizo, ukitaka kuzungumza na mtu kwa simu, mhudumu wa kituoni aliunganisha waya kwa mkono wake. Watu wengi wakipiga kwa wakati mmoja, wengine ilibidi wasubiri. Bwana Erlang hakuwalaumu. Alichukua kalamu akahesabu. Mwaka 1909 alichapisha hesabu zake, na tangu hapo wataalamu wa foleni wanamwita baba yao. Mji huo huo una bustani ya burudani ya tangu mwaka 1843, iitwayo Tivoli. Walt Disney, mwanzilishi wa kampuni yenye bustani ya tembo wetu, aliwahi kuitembelea kabla hajafungua bustani yake ya kwanza.

Baadaye, mwaka 1961, Mmarekani John Little alithibitisha kanuni fupi ambayo hata wewe unaiweza. Hesabu watu walio mbele yako. Kisha tazama wangapi wanaingia kwenye mchezo kila dakika. Gawa ile ya kwanza kwa ya pili. Hapo umepata dakika zako za kusubiri, kwa kukadiria. Walio mbele ni 60, wanaingia 4 kila dakika? Utasubiri dakika 15. Rahisi, sivyo? Foleni haina hasira, foleni ina hesabu.

Sasa rudini kwa tembo wetu. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja, wageni wameshaondoka na taa zimezimwa, tembo mmoja wa Dumbo alimwita Mashua. Mashua anaishi upande wa pili wa bustani, katika mchezo wa maharamia uitwao Pirates of the Caribbean. Kazi yake ni kuwapitisha watu kwenye mto ndani ya pango lenye giza.

“Ndugu Mashua,” akasema Tembo, “nina huzuni. Mimi natoa mruko mfupi, wewe unatoa safari ndefu. Watoto kwangu wanalia kwenye foleni, kwako wanapita wakicheka. Nimekosa nini?”

“Hujakosa kitu,” Mashua akajibu. “Niambie, mko wangapi?”

“Tuko 16.”

“Kila mmoja anabeba wangapi?”

“Tuseme wawili, mtoto na mama yake.”

“Basi mkiruka mara moja mnabeba 32. Na baada ya kuruka?”

“Tunatua. Wa kwanza washuke, wengine wapande, mikanda ifungwe. Ndipo turuke tena. Tuseme dakika 3 kwa kila mzunguko.”

“Kwa saa moja, basi, mnaruka mara 20. Mara 20 kwa watu 32 ni watu 640. Sasa nisikilize mimi. Sisi mashua tunafuatana, huyu akitoka yule anaingia. Tuseme mashua moja inaondoka kila nusu dakika na watu 20. Kwa saa moja zinaondoka 120. Hao ni watu 2,400.”

Tembo akashusha mkonga akafikiri. “Kwa hiyo watu 640 wakisimama kwangu na 640 wakisimama kwako…”

“Wa mwisho kwako atasubiri karibu saa nzima. Wa mwisho kwangu atasubiri karibu dakika 16.”

“Kumbe mimi ni bomba dogo!”

“Wewe ni bomba dogo lenye maji matamu,” akasema Mashua. “Mtoto mwerevu atakuja kwako asubuhi na mapema, ndoo zikiwa bado chache. Kwangu atakuja mchana.”

Mmesikia, watoto wangu? Foleni inaweza kuonekana ndefu ikaenda haraka. Nyingine inaonekana fupi lakini haisogei. Usiitazame urefu tu. Tazama inavyosogea.

Na wenye bustani walimhurumia Tembo. Mwaka 2012 walimwongezea ndugu wengine 16, wakaruka kwenye bembea mbili badala ya moja. Tena wakajenga hema lenye vitu vya kupanda na kuteleza, ili watoto wacheze wakati zamu yao inakuja. Walijua jambo ambalo kila mama analijua: mtoto anayecheza haoni muda.

“Mjomba, tukienda tufanyeje sasa?”

Haya, tupange. Huenda una binamu huko Texas au Minnesota, na mwaka mmoja familia itaamua kwenda Florida. Au huendi popote, unapenda kujua tu. Wote nawaeleza, maana kujua hakulipiwi tiketi.

Kwanza, chagua siku. Bustani hujaa pale shule zinapofungwa. Kuanzia Krismasi hadi Mwaka Mpya, hujaa. Likizo za Machi na Aprili, hujaa. Wiki ya Thanksgiving, sikukuu ya Wamarekani ya Novemba, hujaa. Lakini Septemba, watoto wa Marekani wakisharudi madarasani, watu hupungua. Mwishoni mwa Januari pia mara nyingi kuna utulivu.

Hata wenye bustani wenyewe walifundishwa somo hili. Bustani yao ya kwanza, Disneyland, ilifunguliwa huko California tarehe 17 Julai 1955, katikati ya kiangazi. Ilikuwa siku ya waalikwa. Lakini watu walitengeneza tiketi bandia, na wakaingia takribani watu 28,000, wengi kuliko waliotarajiwa. Jua lilikuwa kali. Lami mpya ililainika, viatu vya visigino vikazama. Mabomba ya maji ya kunywa yalikuwa machache. Ilikuwa tabu tupu! Miaka 16 baadaye, walipofungua ile ya Florida, walichagua Oktoba. Kwa nini Oktoba? Wewe sasa unajua. Watoto wako shuleni, ndoo zinakuja kidogo kidogo, na wafanyakazi wanapata nafasi ya kuizoea kazi.

Pili, fika mapema.

“Mjomba, mimi napenda kulala!”

Nami napenda kulala, mpwa wangu. Basi siku hiyo tulale mapema. Tuseme lango linafunguliwa saa 3 asubuhi. Usifike saa 3. Magic Kingdom ina jambo lake: ukishuka kwenye gari bado hujafika. Maegesho yako ng'ambo ya ziwa. Ni lazima uvuke kwa feri, au upande treni ya reli moja inayopita juu. Na feri nayo ina foleni, kwa sababu feri nayo ni bomba. Kwa hiyo familia inayotaka kuwa langoni mapema ishuke garini saa nzima kabla. Wanaolala katika hoteli za Disney huruhusiwa kuingia nusu saa kabla ya wengine. Hao tutawakuta ndani, tusikasirike.

Saa ya kwanza ni dhahabu. Watu wengi bado wanakunywa chai hotelini. Ndoo hazijafika bombani. Michezo miwili au mitatu inayochukua saa nyingi mchana, asubuhi unaimaliza upesi.

Tatu, anza na mabomba madogo. Ukiingia utaona barabara nzuri yenye maduka, na mwisho wake kasri la Cinderella. Watu watasimama kupiga picha. Watatazama kofia. Watanunua vitafunio. Wewe tembea. Kofia hazikimbii, na kasri litakuwepo hata jioni. Pita nyuma ya kasri, ndiko aliko Tembo wetu. Huko kuna pia Peter Pan's Flight, yenye vyombo vidogo vinavyobeba watu wachache, na Seven Dwarfs Mine Train, treni ya vijeba iliyofunguliwa mwaka 2014 na kupendwa tangu siku hiyo. Hayo ndiyo ya asubuhi.

Mchana uachie mabomba makubwa. Nenda kwa Mashua. Nenda Haunted Mansion, jumba la mizimu, ambako vigari vinafuatana bila kukoma. Kaa kwenye ukumbi wa maonyesho, maana ukumbi mmoja humeza mamia ya watu kwa mara moja, tena una kivuli.

“Na njaa je, Mjomba?”

Tumbo limekumbuka! Vizuri, kwa sababu jikoni nako kuna hesabu. Kila mtu huona njaa saa 6 mchana. Kila mtu huenda kununua chakula saa 6 mchana. Wewe kula saa 5, au vumilia mpaka saa 8. Chakula ni kile kile, foleni ni nusu. Bustani ina programu ya simu inayoonyesha muda wa kusubiri kwenye kila mchezo, na mama anaweza kuagiza chakula kwa simu hiyo hiyo. Mwombe akuruhusu uwe msomaji wa dakika. Hiyo ni kazi ya heshima.

Alasiri za kiangazi, Florida hunyesha mvua yenye ngurumo. Michezo ya nje husimamishwa, na watu hukimbilia magari yao. Wewe uwe na koti la mvua kwenye mkoba. Jifiche ndani, subiri. Mvua ikikata, Tembo anafungua tena, na mbele yako kuna watu wachache. Lakini radi ikipiga usibishane na mhudumu. Akisema ingia ndani, ingia.

Jioni nako kuna nafasi. Fataki zinapokaribia, watu hujazana mbele ya kasri. Kwingine kunapungua. Na mara nyingi aliyeingia kwenye foleni kabla ya saa ya kufunga huachwa apande. Ukiweza, pumzika mchana, urudi jioni na nguvu mpya.

“Mjomba, nimeona wengine wanapita njia ya pembeni. Hao wanadandia foleni?”

Macho yako makali, mpwa wangu! Hapana, hao wameweka zamu. Rudi bombani. Si umewahi kuona ndoo imekaa kwenye foleni peke yake, na mwenyewe anacheza rede? Ndoo inamshikia nafasi. Mwaka 1999 bustani hizi zilianzisha utaratibu kama huo: unachukua saa yako, unakwenda kufanya mengine, unarudi saa hiyo ikifika. Ulikuwa bure. Tangu mwaka 2021, huko Florida, njia ya haraka hulipiwa, na bei hupanda siku za watu wengi.

Sasa niambie: je, ndoo iliyoshikiwa nafasi imeongeza maji? Haijaongeza hata tone. Bomba ni lile lile. Anayepita haraka kwa kulipa anapita mbele ya ndoo nyingine, na ndoo hiyo inasubiri zaidi. Kwa hiyo kabla baba hajatoa pesa, mwambie kwa adabu: “Baba, tumechagua siku tulivu, tumefika mapema. Je, bado tunaihitaji?” Siku ya Septemba huenda hamuihitaji kabisa. Siku ya Krismasi huenda mkaihitaji sana. Hiyo mzazi ataamua kwa mfuko wake.

Nne, pima urefu nyumbani. Space Mountain, treni ya kasi ndani ya giza, inataka mtoto afike sentimita 112. TRON, iliyofunguliwa mwaka 2023, inataka 122. Hawatazami umri, wanatazama kipimo, kwa sababu kizuizi cha kiti kimetengenezwa kwa mwili wa urefu huo. Ni uchungu kusubiri saa nzima halafu urudishwe mlangoni. Simama ukutani, dada akuwekee alama, ujue mapema. Na kama mdogo wako hajafika kipimo, wazazi wawaulize wahudumu juu ya kupokezana: mmoja anapanda, mwingine anabaki na mtoto, kisha wanabadilishana bila huyu wa pili kupanga foleni upya. Hapo hakuna anayekosa.

Na jambo la tano nalisema kwa moyo wangu wote. Usichomekee. Ukijipenyeza mbele ya mtu mmoja, hujamchelewesha yeye tu. Umewachelewesha wote walio nyuma yake, hadi yule mdogo wa mwisho aliyeshika mkono wa bibi yake. Humuoni, lakini yupo. Mwenye hesabu hupunguza foleni yake bila kumwongezea mwenzake. Anayekuja saa ya utulivu anamsaidia hata yule aliyekuja saa ya fujo, kwa sababu ameondoa ndoo yake kwenye msongamano. Si jambo zuri hilo? Kujipangia vizuri, na wengine wakafaidika.

Hata hapa kwetu hesabu hii inafanya kazi. Ukienda Maonyesho ya Saba Saba jijini Dar es Salaam, tarehe 7 Julai yenyewe utabanwa mbavu. Nenda siku ya kazi, asubuhi, utaona mabanda yote na kuuliza maswali yote, na watu watakuwa na muda wa kukujibu.

Naona mkono mmoja umenyooshwa. Uliza, mpwa wangu.

“Mjomba, kama watoto wote wakisoma habari hii, si wote tutafika asubuhi? Si asubuhi ndiyo itajaa?”

Eh! Simameni, mpigieni makofi! Hilo ndilo swali nililokuwa nalingoja tangu paukwa. Ndiyo, itajaa. Watu wote wakiikimbilia Septemba, Septemba itajaa. Watu wote wakila saa 5, saa 5 itakuwa na foleni na saa 6 itakuwa shwari. Saa ya utulivu haina nyumba. Huhama kila watu wanapoifuata. Ndiyo maana sikutaka mkariri saa. Nilitaka mjue bomba linavyojaza na ndoo zinavyofika. Anayekariri saa atafika mwakani akute watu wamemtangulia. Anayejua kuhesabu atasimama langoni, atatazama, atagawanya kichwani, kisha atamshika mama mkono na kusema, “Leo tuanzie upande ule.”